Kutoka Chumba cha Eksirei hadi Ukumbi wa Mihadhara: Mwongozo Kamili wa Kujenga Taaluma ya Picha za Uchunguzi wa Wanyama

Wengi wanaoingia fani hii huvutwa na picha yenyewe. Mwanafunzi anaoneshwa eksirei ya kifua cha mbwa, mwalimu anapitisha kidole kwenye kivuli cha maji yaliyozunguka mapafu, na kuanzia siku hiyo mwanafunzi hataki somo jingine. Ni mwanzo mzuri, ila hautoshi. Mhadhiri wa picha za uchunguzi wa wanyama ana kazi tatu ndani ya ajira moja: kusoma picha za wagonjwa wa hospitali ya chuo, kufundisha, na kufanya utafiti. Kila moja ina uwezo wa kummeza mzima mzima.

Nimeona watu wenye akili nyingi wakichoka mapema kwa sababu walizilima kazi hizo kama mashamba matatu, kila moja na jembe lake. Waliodumu walikuwa na desturi moja: picha haiishi mpaka ujue mgonjwa aliishia wapi. Je, daktari wa upasuaji alikuta nini tumboni? Mwanapatholojia aliona nini kwenye darubini? Mnyama alipona? Ukiishika desturi hiyo, usomaji wako unanolewa, mifano ya kufundishia inajikusanya, na maswali ya utafiti yanakujia bila kuyatafuta. Mwongozo huu umejengwa juu ya desturi hiyo.

Hatua ya kwanza: ukiwa bado mwanafunzi, jifunze mnyama mzima wa afya

Usikimbilie magonjwa adimu. Makosa mengi ya wanaoanza ni kuita kitu cha kawaida ugonjwa: sahani za ukuaji za mbwa mchanga, yaani sehemu za mfupa ambazo bado zinakua, zinaitwa mpasuko wa mfupa, mafuta ya kifuani ya mbwa mnene yanaitwa uvimbe, chuchu iliyojitokeza juu ya kivuli cha pafu inaitwa saratani iliyosambaa. Omba ruhusa upitie picha za wanyama waliokutwa hawana tatizo, uzitazame kwa wingi, za kila umri na kila umbo la mwili, hadi jicho lako likwame lenyewe mahali pasipo sawa.

Jizoeze kueleza kabla ya kutaja jina la ugonjwa. Eksirei ina ngazi tano tu za kivuli: gesi, mafuta, tishu laini pamoja na majimaji, mfupa, na metali. Damu, usaha, mkojo na misuli viko ngazi moja, ndiyo maana eksirei haikwambii maji ya tumboni ni ya aina gani. Kwa kila kiungo jiulize mambo sita: kiko wapi, viko vingapi, kina ukubwa gani, umbo gani, kingo zake zikoje, kivuli chake ni cha ngazi ipi. Mwanafunzi anayesema "ini limevuka mbavu, kingo zake ni butu, tumbo la chakula limesukumwa nyuma" amefanya kazi kubwa kuliko anayeropoka jina la ugonjwa na kubahatisha sawa.

Fizikia usiikwepe. Itakufuata hadi kwenye mitihani ya ubingwa, na baadaye itakuokoa utakapoulizwa kwa nini picha ya MRI (inayopigwa kwa sumaku) ina mistari ambayo haimo mwilini mwa mgonjwa.

Hatua ya pili: fungua daftari la ufuatiliaji

Fanya hivi mapema, hata kama bado hujahitimu. Jedwali la kawaida kwenye kompyuta linatosha. Weka namba ya faili ya mgonjwa (jina la mwenye mnyama lisionekane popote), aina ya mnyama, umri, aina ya picha, ulichoona, ulichodhani, kiwango cha uhakika wako wakati ule, na safu ya mwisho ambayo itakaa tupu kwa muda: ukweli ulivyotokea. Pata kibali cha hospitali kabla ya kuhifadhi chochote, na jedwali likae kwenye mfumo wa chuo. Simu yako si mahali pake.

Safu ya kiwango cha uhakika ndiyo watu huiacha, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Nilipokuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa nilimpima mbwa mzee kwa ultrasaundi. Bandama ilikuwa na uvimbe mkubwa uliochanganyika, sehemu ngumu na sehemu za majimaji, na tumboni mlikuwa na damu. Niliandika kwa uhakika wa juu kwamba ni saratani ya mishipa ya damu. Mwenye mbwa alikaribia kuamua mnyama wake alazwe usingizi wa milele. Daktari wa upasuaji akamsihi akubali operesheni, bandama ikatolewa, na patholojia ikarudi na jibu la damu iliyovilia, hakuna saratani. Mbwa alirudi nyumbani. Nilirudi kwenye jedwali nikaisoma ile alama ya uhakika niliyojipa, na maneno ya ripoti zangu yakabadilika tangu siku hiyo: ultrasaundi peke yake haiwezi kuutenganisha uvimbe wa aina ile na saratani, na ripoti lazima iseme hivyo waziwazi ili mwenye mnyama aamue akijua. Mistari ya visa vya bandama kwenye jedwali ilipozidi thelathini, nilikuwa na swali langu la kwanza la utafiti.

Hatua ya tatu: mwaka wa mafunzo tarajali

Programu nyingi za ubingwa hudai angalau mwaka mmoja wa mafunzo tarajali ya kuzunguka idara mbalimbali, au uzoefu wa kliniki unaolingana nao. Usiuone kama foleni ya kusubiri. Zamu za dharura zitakufundisha daktari wa usiku anahitaji nini kwenye ripoti yako, na hataki aya kumi: anataka kujua kama ampasue mgonjwa sasa au asubiri asubuhi. Shika proba ya ultrasaundi kila unapopewa nafasi. Na kwa kuwa barua za wadhamini hupima sana kwenye maombi ya ubingwa, fanya kazi kwa karibu na watu wawili au watatu wanaokuona kila siku, badala ya kutafuta jina kubwa lisilokufahamu.

Hatua ya nne: mafunzo ya ubingwa

Vyombo viwili vya kuthibitisha mabingwa vinavyotambulika zaidi duniani katika fani hii ni ACVR ya Marekani na ECVDI ya Ulaya. Mafunzo huchukua miaka mitatu au minne chini ya mabingwa waliothibitishwa. Mtihani una sehemu ya awali ya misingi, yaani fizikia, biolojia ya mionzi, anatomia na fiziolojia ya magonjwa, na sehemu ya mwisho ambapo unawekewa picha na kudaiwa majibu. Kwa Amerika ya Kaskazini, nafasi nyingi hugawiwa kupitia mfumo wa ulinganishaji wa VIRMP: unapanga vyuo kwa upendeleo wako, vyuo vinapanga waombaji, kompyuta inawakutanisha. Ukiwa umesomea nchi nyingine, uliza mapema sana kama shahada yako inatambuliwa huko na ni leseni ipi utahitaji. Wengi hupoteza mwaka mzima kwa karatasi hizi.

Ukiitwa kwenye usaili, nawe uliza. Kuna mabingwa wangapi wa picha wanaokaa pale kila siku? Mashine za CT (eksirei ya kompyuta inayoonesha mwili vipande vipande) na MRI ni za hospitali yenyewe? Farasi na ng'ombe wanafika, au ni mbwa na paka tu? Wanafunzi wa ubingwa wanapewa wiki ngapi nje ya kliniki kwa ajili ya utafiti, na je, wiki hizo huheshimiwa idara ikielemewa? Waliotangulia wamefaulu mitihani? Ombi la mwisho mimi hulitilia uzito kuliko yote: niwekeeni mazungumzo na wanafunzi wa ubingwa peke yao. Watakwambia ukweli kwa sauti tu, hata wakichagua maneno.

Angalia pia uhusiano wa idara na patholojia. Mahali ambapo mwanaradiolojia hushuka kwenye chumba cha kupasulia mizoga kutazama kiungo alichokisoma asubuhi, pana walimu wazuri. Mahali ambapo hakuna anayejua chumba hicho kiko wapi, utajifunza kuandika ripoti na kubaki hapo.

Usipopata nafasi ya ubingwa mara ya kwanza, shahada ya uzamili yenye tasnifu ya picha za uchunguzi ni njia halali ya kukaa karibu na fani. Ujiunge pia na IVRA, chama cha kimataifa cha radiolojia ya wanyama, ili uwajue watu wa fani kwa sura. Wapo waliokubaliwa kwenye ombi la tatu.

Hatua ya tano: utafiti unaoanzia kwenye daftari

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi hukwama. Wanafikiri utafiti ni lazima uanze na mashine mpya au fedha nyingi. Tazama mfano wa mwaka 1995. Buchanan na Bücheler walichukua eksirei za kifua za mbwa 100 wazima. Walipima urefu na upana wa moyo, kisha wakavihamishia vipimo hivyo kwenye uti wa mgongo wa mbwa yuleyule, kuanzia ukingo wa mbele wa pingili ya nne ya kifua, wakihesabu pingili. Wastani ukawa pingili 9.7, na mtawanyiko wa 0.5. Uzuri wake ni kwamba mbwa mkubwa ana pingili kubwa na mbwa mdogo ana pingili ndogo, hivyo kila mnyama anajipima kwa rula yake mwenyewe. Kipimo hicho bado kinatumika kila siku. Baadaye wengine wakagundua kwamba baadhi ya mbegu za mbwa, wakiwemo Boxer, huwa na namba kubwa zaidi ilhali ni wazima, na hilo nalo likawa kazi kwa watafiti wengi waliofuata. Yote hayo kwa eksirei, rula, na swali lililoulizwa vizuri.

Swali la mwanzo linaweza kuwa la moja ya aina hizi: mnyama mzima anaonekanaje; picha hii inaugundua ugonjwa kwa usahihi gani; wasomaji wawili wanakubaliana kiasi gani; au namna hii ya kupiga picha ni bora kuliko ile. Chagua moja. Andiko linalotaka kujibu yote manne kwa wagonjwa ishirini litarudishwa.

Kwenye usahihi, mtego mkubwa uko kwenye msingi wa kulinganishia. Tuseme unataka kujua ultrasaundi inagundua vipi saratani ya ini, na jibu la kweli unalipata kwa wanyama waliokatwa kipande cha ini. Ni nani hukatwa kipande? Yule ambaye ultrasaundi yake ilitia wasiwasi. Wale walioonekana wazima walirudi nyumbani, na wenye ugonjwa miongoni mwao hutawahesabu kamwe. Hivyo ultrasaundi itaonekana hodari kuliko ilivyo. Dosari hiyo haifutwi na hesabu za mwishoni. Inashughulikiwa wakati wa kupanga. Orodha ya STARD ya mwaka 2015, yenye vipengele 30, imeandikwa kwa ajili ya tafiti za namna hii. Isome kabla hujakusanya data, usingoje siku ya kutuma makala.

Kwenye makubaliano ya wasomaji, asilimia tupu hudanganya. Chukua picha 100. Kila msomaji amesema "ugonjwa upo" mara 20, na wamekubaliana kwenye picha 80. Inasikika vizuri. Lakini wawili hao wakibahatisha tu kwa viwango hivyohivyo, wangekubaliana kwa bahati mara 68: 0.2 mara 0.2, ukijumlisha 0.8 mara 0.8. Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huuliza umepata kiasi gani juu ya bahati: 80 toa 68, gawa kwa 100 toa 68. Jibu ni takriban 0.38. Hayo ni makubaliano dhaifu kwa jambo ambalo mgonjwa atapasuliwa kwa ajili yake. Mkalishe mtakwimu mezani tangu siku ya kwanza. Ukimletea jedwali lililokamilika, mara nyingi atakachoweza kufanya ni kukueleza kwa nini limeharibika.

Wasomaji wako wasijue jibu la mwisho la mgonjwa, picha zichanganywe mpangilio, na kama msomaji atasoma mara mbili, zipite wiki kadhaa katikati. Tumia faili asilia za DICOM, yaani muundo wa faili za picha za hospitali. Picha iliyonakiliwa kama ya simu imepoteza vivuli vyake, na kwenye CT imepoteza namba za Hounsfield, kipimo cha wiani wa tishu, ambazo huweka maji kwenye sifuri na hewa kwenye hasi 1000. Kumbuka kwamba ndani ya faili ya DICOM mna jina la mwenye mnyama hata kama halionekani kwenye picha. Liondoe kabla ya kumpa mtu wa nje. Na kama utafiti unadai nusukaputi au mionzi ambayo mnyama asingeipata kwa matibabu yake, kibali cha kamati ya maadili kinatangulia.

Swali la shahada ya uzamivu huja kwa kila mmoja. Kama ndoto yako ni kuongoza kundi la watafiti na kuomba fedha kubwa, isome. Kama unataka kufundisha kliniki, vyuo vingi vina ngazi ya wahadhiri wa kliniki ambamo ubingwa ndio unaodaiwa. Nisichokishauri ni kubeba ubingwa na uzamivu kwa pamoja ndani ya miaka ileile mitatu. Panapotolewa vyote viwili kwa utaratibu, miaka huongezwa, na ndivyo inavyostahili.

Hatua ya sita: kuomba kazi na kujadili mkataba

Mabingwa wengi wameondoka vyuoni kwenda kusoma picha kwa mbali, kupitia kampuni zinazopokea picha kwa mtandao. Malipo huko kwa kawaida ni makubwa zaidi, na mtu anafanya kazi akiwa nyumbani. Jua hilo kabla ya kusaini. Jua pia kwamba uhaba huo unakupa sauti mezani.

Jambo la kwanza la kudai ni siku za nje ya kliniki, ziandikwe kwenye mkataba kwa idadi. Ahadi ya mdomo kwamba "utapata muda" hufa wiki ya kwanza mwenzako akiugua. Kisha uliza nani ataziba pengo siku hizo, hifadhi ya picha ina ukubwa gani, hospitali inawafuatilia wagonjwa wake baada ya kuruhusiwa, na utapewa mwanafunzi wa ubingwa lini. Mshahara ujadili mwisho, ukiwa umeshajua uzito wa kazi. Kwenye mhadhara wa majaribio usiwatandazie makala zako zote. Chukua kisa kimoja, uwapitishe kutoka picha hadi jibu, halafu onesha swali lililozaliwa hapo na namna utakavyolijibu.

Hatua ya saba: kufundisha

Mwanafunzi aongee kwanza. Weka picha, nyamaza, mpe dakika nzima. Atataka jibu lako, usimpe. Aeleze anachoona, ajifunge kwa uamuzi mmoja, ndipo mfungue ukweli pamoja. Aliyejifunga akakosea atalikumbuka somo hilo miaka kumi. Aliyesubiri mwalimu aseme atalisahau jioni. Lakini hilo linawezekana tu kama kukosea mbele yako hakumdhalilishi mtu, kwa hiyo wafungulie mistari ya makosa yako kwenye jedwali, pamoja na ile alama ya uhakika.

Wafundishe kuendelea kutafuta baada ya kupata. Msomaji akishauona mpasuko wa nyonga kwenye eksirei ya paka aliyegongwa na gari, moyo unatulia, na jicho linaupita ukuta wa tumbo uliochanika. Makosa ya namna hii hayawatoki hata wakongwe, na dawa yake ni mpangilio uleule wa kusoma, kila picha, hata saa nane ya usiku.

Mwili wako

Kiwango cha juu cha mionzi kinachopendekezwa na ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiviati (mSv) 20 kwa mwaka ndani ya miaka mitano, bila mwaka wowote kuvuka 50. Mjamzito akishatoa taarifa, mtoto tumboni asipate zaidi ya 1 katika kipindi kilichobaki. Ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, mionzi inapungua hadi robo. Kwa hiyo mnyama apewe dawa ya kumtuliza na mifuko ya mchanga, mikono ya watu itoke. Aproni ya risasi hukinga mionzi iliyotawanyika. Haikuruhusu kuweka mkono ndani ya miali, hata ndani ya glavu za risasi. Bega la anayepima kwa ultrasaundi nalo huumia kimyakimya: panga urefu wa meza na kiti kabla hujaanza siku.

Hatua ya nane: cheo, programu zinazosoma picha, na mwanafunzi wako wa kwanza

Jalada la kupandishwa cheo lianze mwezi wa kwanza wa ajira: tathmini za wanafunzi, mihadhara, makala, barua za shukrani za madaktari walioleta wagonjwa. Kuyakusanya baada ya miaka mitano ni mateso.

Programu za kompyuta zinazosoma eksirei za wanyama zimeshafika kwenye kliniki nyingi. Kazi ya mwanachuo hapo ni kuzipima kwa sheria zilezile za hatua ya tano: msingi wa kulinganishia ni upi, wagonjwa waliotumika ni akina nani, na programu inakosea kwa wanyama wa namna gani. Mwenye daftari la miaka mingi, lenye ukweli uliothibitishwa na patholojia, ana kitu ambacho wauzaji wa programu hizo wanakihitaji sana, na ana haki ya kuuliza kitatumikaje kabla ya kukitoa.

Mwanafunzi wako wa kwanza wa ubingwa atakapofika, siku ya kwanza usimpe makala ya kusoma. Mfungulie jedwali, mwoneshe mistari ambayo safu ya mwisho bado ni tupu, mchague kumi, kisha mshuke wote wawili hadi patholojia kutafuta majibu.